Nilimnyooshea Otoniel Kidole

Sehemu ya tano

Wiki iliyopita mliniacha uani, jua la saa sita likiniwakia utosini, ngumi nimekunja, na mbele yangu amesimama rafiki yangu wa pekee.

Kwa aliyelikosa gazeti, nitasema kwa kifupi. Jina langu ni Ademilson dos Reis. Mwaka 1988, nikiwa na miaka kumi na tisa, nilitoka kwetu kaskazini mwa jimbo la Minas, ambako baba aliendesha lori la chumvi, nikaja kusomea uchimbaji madini Santana do Morro, mji mdogo wa mawe, makanisa na wanafunzi. Nikapata nafasi katika nyumba ya wanafunzi iitwayo Marreta. Wanaume kumi na wanne, na picha za wote waliowahi kuishi humo zimepangwa ukutani tangu enzi za mababu.

Mgeni hawi mwenyeji wa Marreta hivi hivi. Kwanza anakuwa "mnyama". Miezi sita anafagia, anapika kahawa, anatukanwa, anapewa jina. Mimi niliitwa Fenesi, kwa sababu mama alinifungia fenesi la safari nalo likapasukia ndani ya basi. Miezi sita ikiisha wakubwa wanapiga kura. Akikataa mmoja tu, unatoka na godoro lako kichwani.

Tulianza wanyama watano. Watatu wakakimbia. Tukabaki mimi na Wanderlino.

Ndipo Otoniel, mkuu wa nyumba, mwanafunzi wa mwaka wa tano mwenye mabega ya kuziba mlango, akatupeleka uani Jumamosi ile na kutangaza kuwa kitanda ni kimoja. Atakayebaki amesimama ndiye atakayelala Marreta.

Yanayofuata sijawahi kumwambia hata mke wangu. Leo atayasoma hapa kama ninyi.

*

Walituzunguka. Wengine wamekaa juu ya ukuta, wengine kwenye ngazi za jikoni, chupa ya pombe ya miwa inapita mkono kwa mkono.

"Haya, wanyama!" Otoniel akapiga makofi. "Hatuna siku nzima. Nataka kula."

Wanderlino akavua miwani, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Alikuwa mwembamba, mtoto wa mchinja ng'ombe, lakini yeye mwenyewe aliogopa kuchinja hata kuku. Ni yeye aliyekuwa ananifundisha hesabu. Mtihani wa Juni, bila yeye ningepata sifuri ya duara.

Akanisogelea kama anayetaka kunikaba, akanong'ona sikioni:

"Tuigize tu. Nipige begani, nitaanguka. Mimi kitanda chao sikitaki tena. Chukua wewe."

Mmesikia? Kitanda alikuwa ameshanipa. Sikuwa na haja ya kumgusa hata unywele.

Nikampiga begani. Akaanguka chini, puu, kama tulivyopatana.

Kisha wakaangua kicheko.

"Fenesi anabembeleza!" mmoja akapiga kelele kutoka ukutani. "Mpake na mafuta basi!"

"Jamani, hawa wamechumbiana!"

Otoniel hakucheka. Alinitazama, akatema mate. "Watoeni wote wawili. Magodoro yao nje."

Miezi sita. Miezi sita ya kusugua vyoo vyao, na godoro nje!

Wanderlino alikuwa anainuka, anajipangusa vumbi magotini, ananikonyeza. Nikampiga usoni.

Sikumpiga kwa kuigiza. Nilimpiga kwa mwili mzima. Pua yake ililia kama kijiti kikavu, damu ikamruka hadi kifuani.

"Ademilson?" akasema. Hivyo tu. Kama mtu anayeitwa gizani na hajui ni nani.

"Fenesi!" akaita mmoja. "Fenesi! Fenesi!" wakadakia wote.

Nikampiga tena. Akainua mikono kujikinga, nikampiga tumboni, mikono ikashuka, nikampiga jichoni. Miwani ilivunjika mfukoni, nikasikia vioo vikisagika. Hakunirudishia hata ngumi moja. Laiti angenirudishia!

Mtaniuliza nilikuwa nawaza nini. Nilikuwa nasikia jina langu. Watu kumi na wanne wanaliimba jina langu, na wiki moja nyuma walikuwa wananiita mavi ya nyumba. Ilikuwa tamu. Ndugu zangu, ilikuwa tamu, na huo ndio ukweli wangu.

Akaanguka kwa mara ya pili. Safari hii hakuwa anaigiza.

"Inatosha," akasema mtu.

Nikampiga teke.

Teke hilo lilimviringisha, na kichwa chake kikajigonga kwenye kona ya hodhi la mawe la kufulia. Ulikuwa mlio mdogo tu. Lakini wimbo ulikatika papo hapo.

Damu ikaanza kumtoka sikioni.

*

Wa kwanza kusogea alikuwa Dona Zulmira, mpishi wetu. Miaka ishirini na mbili alikuwa jikoni Marreta, amewalisha watu ambao leo wana vitambi na magari. Alishuka ngazi na mwiko mkubwa wa maharage, akaanza kuutumia. Migongo, vichwa, popote.

"Mbwa ninyi! Mbwa! Mtoto wa watu! Leteni mlango! Ng'oeni mlango wa bafu, mnatazama nini?"

Wakang'oa mlango wa bafu. Tukamlaza juu yake, watu sita tukambeba kushuka mteremko wa mawe hadi hospitali ya masista. Mimi nilishika upande wa kichwa. Jicho lake moja lilikuwa limefumba, la pili linanitazama lakini halinioni.

Nje ya hospitali Otoniel akatukusanya chini ya ukuta.

"Sikilizeni vizuri. Alianguka kwenye mteremko. Mawe yalikuwa na maji, akateleza. Kila atakayeulizwa ajibu hivyo hivyo. Tumeelewana?"

"Mawe yana maji?" Dona Zulmira alikuwa nyuma yetu, anahema, mwiko bado mkononi. "Mvua haijanyesha tangu Mei, mpumbavu wewe."

"Mama, rudi jikoni."

"Nitarudi. Ila kwanza napita posta kupiga simu."

"Simu kwa nani?"

Akaondoka.

Otoniel akanigeukia. Nilidhani atanilaani. Akaniwekea mkono begani, mkono mzito, wa moto.

"Umefanya kazi, Fenesi," akasema. "Sikutegemea."

*

Jumapili asubuhi walipiga kura. Kumi na wanne, mikono kumi na minne.

Walinimwagia bia kichwani, wakanibeba juu juu, wakanizungusha sebuleni mbele ya picha zote zile za zamani. Mpiga picha akaletwa. Nilipigwa picha nikiwa nimevaa tai ya Otoniel mwenyewe, vidole vimechubuka, nimevificha mgongoni.

Kutoka hospitali tuliambiwa: hajaamka. Jicho la kushoto hawana hakika nalo.

"Ataamka," akasema Otoniel. "Vichwa vya washamba ni vigumu."

Na siku hiyo ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa nyumba. Wakubwa wa zamani walikuwa wanawasili tangu saa nne, wahandisi na wakurugenzi, wanakumbatiana na kuitana majina yao ya unyama. Jiko la mkaa likawashwa uani. Mtu alikuwa ameshamwaga ndoo ya maji kwenye hodhi na kupasugua.

Nilikula. Najua mnatamani niseme kwamba chakula hakikupita kooni. Nilikula mbavu na soseji na wali, nikaongeza sahani, na nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwenye hodhi lile.

Saa nane kasoro, mlango wa mbele uligongwa.

Nikaenda kufungua, maana mazoea ya unyama yalikuwa hayajanitoka.

Alikuwa mzee mfupi, kifua kipana, kofia ya ngozi mkononi, vumbi la barabara kwenye nyusi. Kwapani amebana bonge la jibini lililofungwa kwa kitambaa na kopo la jemu ngumu ya mapera.

"Habari za mchana, kijana. Hapa ndipo Marreta?"

"Ndipo, mzee."

"Naitwa Belarmino. Baba yake Wanderlino." Akaninyooshea jibini. "Hii ni ya nyumba. Mwanangu aliniandikia kuwa hapa anaishi na watu wema."

Nikalipokea lile jibini, zito.

"Namtafuta mmoja anayeitwa Ademilson," akasema.

Ningeweza kusema hayupo. Mdomo ukanitangulia.

"Ni mimi."

Akaniangalia juu mpaka chini. Kisha akanikumbatia, jibini katikati yetu, na nikamsikia anatetemeka mwili mzima kama ng'ombe aliyenusa machinjio.

"Ni wewe," akasema. "Kila barua, Ademilson, Ademilson. Mama yake akawa anauliza, huyu Ademilson anakula nini, tumtumie nini. Nipe mahali pa kukaa, mwanangu. Nimesafiri kwenye lori la ng'ombe tangu jana nilipopata simu."

*

Nikamwingiza jikoni. Dona Zulmira alikuwa anamenya mihogo. Alimwona mzee, akaniona mimi, akaacha kumenya. Akamwekea maji.

Dirisha la jikoni linatazama uani. Kelele, vicheko, moshi wa nyama, vyote viliingia.

Mzee Belarmino akanywa maji yote kwa mkupuo mmoja, akaweka kikombe.

"Natoka hospitali," akasema. "Masista wanasema aliteleza kwenye mawe."

"Ndiyo, mzee."

"Mwanangu, mimi nimechinja miaka thelathini. Naijua nyama. Naijua alama ya jiwe na naijua alama ya ngumi. Kichwani pale kuna jiwe moja. Usoni kuna ngumi nne, tano. Ubavuni kuna kiatu." Akaniinamia. "Huyo hakuteleza. Nani?"

Nikaliweka jibini mezani.

"Sikutishi. Nakuomba. Wewe ndiye rafiki yake. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Nani?"

Dona Zulmira alikuwa ameshika kisu cha mihogo, ananitazama. Hakunisaidia. Alikuwa ananipa nafasi, leo naelewa. Alitaka nikiri mwenyewe.

Nje, Otoniel alikuwa amesimama kwenye jiko la mkaa, fulana ya kijani, mshikaki mrefu mkononi, anacheka, kichwa amekirusha nyuma.

Na mimi nikainua kidole.

"Yule," nikasema. "Mwenye fulana ya kijani. Anaitwa Otoniel."

Mzee akatazama. Alitazama muda mrefu, kama mtu anayepima uzito wa mnyama kwa macho.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Peke yake?"

"Wengine walikuwa wanashangilia. Yeye ndiye." Na hapo, kama vile uongo wa kwanza haukutosha, nikaongeza wa pili. "Nilitaka kumwokoa, mzee. Walinishika."

Ndipo akaiona mikono yangu. Nilikuwa nimeisahau juu ya meza. Ngozi ya vifundo imetoka, damu imekauka.

Akaishika. Akaigeuza kwenye mwanga. Mchinjaji wa miaka thelathini! Nikajua nimekwisha.

"Na hii?"

"Nilipigana nao," nikasema. "Ili wamwachie."

Mzee Belarmino akainamisha kichwa na kuvibusu vifundo vyangu. Kimoja kimoja. Machozi yake yaliingia kwenye michubuko, yakawasha.

"Mungu akulipe," akasema.

Akachukua kofia yake, akaiweka juu ya lile bonge la jibini, taratibu, kama mtu anayeivua kabla ya kulala. Akatoka uani.

"Mfuate!" Dona Zulmira akanitolea sauti ya chini, kali. "Mfuate umwambie! Sasa hivi! Nilikuona jana, we mwana, nilikuwa hapa hapa dirishani!"

Sikusogea.

Akatupa kisu chake, akamkimbilia mwenyewe. "Mzee! Mzee wangu, subiri!" Lakini miguu yake ilikuwa imevimba, na ngazi zile zina vipandio tisa.

*

Otoniel alimwona mzee mgeni anakuja, akadhani ni wa zamani, mmoja wa wale waliohitimu zamani mno hata hakuna anayewakumbuka. Akatabasamu. Akakata kipande cha mbavu, akamnyooshea kwenye ncha ya mshikaki.

"Karibu, mzee wangu! Mwaka gani wewe? Jina lako la unyama nani?"

"Wewe ndiye Otoniel?"

"Ndiye mimi, kwa amri yako."

Kisu cha kukatia nyama kilikuwa juu ya ubao. Sikuona kikiondoka. Niliona ubao mtupu, kisha nikaona mzee amejibana kwa Otoniel, kifua kwa kifua, kama watu wanaosalimiana baada ya miaka mingi.

Otoniel akasema, "Eh?"

Mzee akachomoa, akachoma tena, chini ya mbavu, kutoka chini kwenda juu. Hakupiga kelele, hakutukana. Alifanya kama kazi.

Kisha kila kitu kikapasuka kwa pamoja. Otoniel alianguka na jiko, mkaa ukatawanyika uani, mtu akakanyaga moto pekupeku akapiga yowe. Mhandisi mmoja mwenye kitambi akanyakua benchi, akamshushia mzee mgongoni. Kisu kikaruka. Wa pili akampiga chupa. Wakamwangusha, wakaanza mateke, wakubwa na wadogo, viatu vya Jumapili, na kati ya viatu nilikuwa nauona mkono wa mzee umefunika uso wake, haupigi, haujitetei.

Ulikuwa mkono wa Wanderlino ule ule.

Hapo ndipo miguu yangu ikakubali kwenda. Lakini sikumwendea mzee. Niliangukia magotini kando ya Otoniel, nikabana tumbo lake kwa viganja viwili. Damu ilikuwa ya moto, inapita kati ya vidole, inanilowesha shati hadi kitovuni.

Macho yake yalinipata.

"Fenesi," akasema. "Kwa nini mimi?"

"Nyamaza, Otoniel. Usiseme."

"Ulimwambia... mimi?"

Nikabana zaidi.

Akacheka. Naapa alicheka, povu jekundu kwenye meno. "Mnyama," akasema. Akafumba macho.

Dona Zulmira alikuwa amejilaza juu ya mzee Belarmino, mwili mzima, ananguruma: "Nipigeni mimi! Nipigeni mimi niliyewapikia!" Hapo ndipo wakaacha.

*

Polisi walifika wawili, wakitembea, maana kituo kiko nyuma ya kanisa. Otoniel alikuwa ameshapakiwa kwenye gari la mmoja wa wahandisi, bado ana pumzi.

Mzee walimwinua. Meno mawili hana. Nyusi imepasuka. Walimfunga pingu mbele, naye akawa anawasaidia, anageuza kifundo hivi na vile ili waingize.

"Ni wewe uliyefanya hivi?" akauliza polisi mkubwa.

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Alimpiga mwanangu."

"Nani kasema?"

Nilisikia mkaa ukilia ndani ya maji waliyoumwagia. Dona Zulmira alikuwa ameketi chini, nywele zimefumuka, ananitazama mimi tu.

Mzee Belarmino hakugeuza hata shingo upande wangu.

"Naijua nyama," akasema. "Sikuhitaji kuambiwa."

Alikuwa ananilinda. Mimi!

Walipompitisha mlangoni, akasimama. Polisi akamvuta, hakuvutika.

"Ademilson," akaniita. "Nenda ukakae na mwanangu. Asiamke akiwa peke yake. Utaenda?"

"Nitaenda, mzee."

"Niahidi."

"Nakuahidi."

Akaondoka bila kofia.

Nikageuka, na kofi la Dona Zulmira likanikuta katikati ya uso. Alikuwa na mkono wa kubeba masufuria, nikaona nyota mchana kweupe.

"Hilo la jana," akasema. Akanizaba la pili. "Hilo la leo. Sasa nenda. Na nakwambia, nitahesabu hadi kesho saa mbili asubuhi. Kama hujaenda kituoni na miguu yako, nitakwenda mimi na yangu hii mibovu. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Usiniite mama."

*

Nilishuka ule mteremko mbio. Jumapili saa kumi, wanafunzi wamejaa kwenye ngazi za kanisa na magitaa yao, wasichana wanakula barafu, timu mbili zinarudi kutoka mpirani zikiimba. Walinipisha njia. Sikuelewa kwa nini wananipisha. Sikuwa nimejitazama.

Kwenye korido ya hospitali kulikuwa na wakubwa watano wa Marreta nje ya mlango wa chumba cha upasuaji. Mmoja analia. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mmoja aliniletea maji, akanipigapiga mgongoni, akasema, "Ulimbana jeraha, Fenesi. Bila wewe angekufa pale pale."

Hivi ndivyo walivyoona.

Sista mmoja mwembamba akatokea upande wa pili. "Nani hapa ni Ademilson?"

"Mimi."

"Rafiki yako ameamka. Ni nusu saa sasa. Anakutaja wewe tu."

Nikamfuata, natembea kama mtu anayepelekwa ukutani kupigwa risasi. Nilikuwa nimejipanga. Atapiga kelele akiniona. Atasema, ni huyu. Na nitasema, ndiyo. Nawaapia, nilikuwa nimeamua kusema ndiyo.

Chumba kilikuwa na vitanda viwili, kimoja kitupu. Wanderlino amefungwa bandeji kichwani na jicho la kushoto, uso umevimba kama mkate. Jicho la kulia jembamba, linang'aa.

Sista akatuachia mlango wazi.

"Funga," akasema Wanderlino. Sauti kama ya mzee.

Nikafunga.

"Karibu hapa. Sioni vizuri, na miwani yangu unajua iko wapi."

Nikasogea hatua moja.

"Wanderlino, mimi..."

"Nyamaza, sina nguvu. Nakumbuka kila kitu, usihangaike. Mimi na wewe tuna yetu, na tutayamaliza siku nikisimama. Siyo leo." Akavuta pumzi, ikamuuma. "Wameniuliza. Daktari mara mbili, sista mara moja. Nimewaambia niliteleza."

Nilidhani sikusikia. "Umewaambia nini?"

"Niliteleza. Hivyo hivyo. Na wewe useme hivyo. Na Otoniel, na wote."

"Kwa nini? Kwa nini unikinge mimi?"

"Nani anakukinga wewe?" Alikasirika, mkono ukakunja shuka. "Namkinga baba. Humjui baba yangu. Nilipokuwa na miaka minne alimchoma mtu kisu kwa sababu ya mama. Alikaa ndani miaka saba. Miaka saba, Ademilson, mama anafua nguo za watu. Alipotoka aliapa mbele ya mama, mkono juu ya kichwa changu, kwamba hatashika kisu kwa hasira tena. Tangu hapo hajawahi. Hata kupaza sauti hajawahi."

Nikashika chuma cha kitanda.

"Sista anasema baba amefika mjini, alikuja nikiwa nimelala. Basi atakuja Marreta kuuliza, namjua. Akikuuliza wewe, maana wewe ndiye nilikuwa namwandikia habari zako, usimpe jina. Jina lolote. Si lako, si la Otoniel. Ukimpa jina, umemuua yeye na umemuua mama. Nisikilize. Hili ndilo nataka kwako, sitaki msamaha wako. Utafanya?"

Nje kwenye korido mtu alikimbia. Mlango ukafunguliwa kwa nguvu mahali fulani, mwanamke akaita jina la daktari.

"Mbona hunijibu? Baba ameshafika nyumbani?"

Nikasogea hatua nyingine ili nimwambie. Nadhani nilitaka kumwambia. Mwanga wa dirisha ukanipiga kifuani.

Jicho lake moja lilishuka kutoka usoni mwangu, likasimama kwenye shati, likabaki hapo. Akajaribu kuinuka kwa kiwiko.

"Ademilson," akasema. "Hiyo damu ni ya nani?"